Mwani, karafuu au hoteli: fedha za kisanduku tuziweke wapi?

Tulipovunja kisanduku cha kikundi chetu cha hisa hapa Pemba safari hii, yaani siku ya kugawana akiba tulizoweka, wanachama ishirini na tano tulikaa barazani kwangu tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi ikatukuta bado tunabishana. Fedha zilikuwa zimeshahesabiwa mara tatu na kila mmoja kaziona hisa zake, kwa hiyo ubishi haukuwa wa hesabu. Tulikubaliana sehemu moja isigawanywe, iwekwe kwenye kazi ya pamoja. Kazi gani, ndipo moto ulipowaka. Akina mama wa pwani wakataka mwani. Wenye mashamba wakataka tukodi mikarafuu ya jirani msimu ukija. Na vijana, ambao ni wanne tu lakini sauti zao za watu kumi, wakasema hayo yote mambo ya kizee, fedha iko kwa watalii, tununue boti ipelekwe Nungwi, kaskazini Unguja, kubeba wageni.

Mimi ndiye katibu, kwa hiyo nikaambiwa niandike mizani ya mambo yote matatu ili Jumatano tukae tena. Nimeandika. Na kwa kuwa najua vikundi vingi vya hisa Pemba na Unguja vinaulizana swali hili hili, naiweka hapa na wengine waisome. Nisijifiche: nilianza nikiwa na upande wangu, na sehemu moja nimebadilika.

Nilipoanzia ni 2020

Mtu akitaka kukusifia kazi hukutajia mwezi wake mzuri. Boti kwa siku inaingiza kadhaa, Agosti hoteli zimejaa, mwaka fulani mtu fulani aliuza karafuu akajenga nyumba ya tofali. Mimi nimelinganisha kwa mwezi mbaya, na mwezi mbaya sote tunaukumbuka bila kuambiwa.

Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa nchini. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na tarehe 18 Mei zikaruhusiwa tena. Kwa kalenda ni wiki tano na siku kidogo. Lakini mwaka 2019 Zanzibar iliingiza wageni zaidi ya 538,000, na 2020 wakawa kama 260,000. Mbingu ya kwetu ilifunguka Mei. Italia, Ufaransa na Uingereza watu walikuwa wamefungiwa majumbani, sasa nani angepanda hiyo ndege? Idadi ya 2019 haikupitwa mpaka 2022, na 2024 wageni wakazidi 736,000. Kwa hiyo vijana hawakosei wanaposema utalii umerudi na zaidi. Umerudi. Ila uliondoka bila kuaga, na miaka ile katikati watu walilazimika kula vile vile.

Mdogo wangu alikuwa mhudumu kwenye hoteli moja kaskazini Unguja. Akashuka bandarini Wete na begi moja na mashati mawili ya kazi yenye nembo kifuani, kaambiwa asubiri simu. Simu ilikuja baada ya mwaka na miezi. Huku nyuma alikwenda pwani na mama kufunga mwani, akiwa bado anaona haya; mashati yale yale ndiyo aliyovaa majini kujikinga na jua. Siku ya kwanza alifunga kamba tatu nzima, na maji yalipopwa kesho yake vishada vyake nusu vilikuwa vimechukuliwa na mkondo, kwa sababu fundo la taitai, kile kijikamba cha kufungia mwani, lina mkono wake na yeye mkono wake ulikuwa wa kubeba sinia. Mama hakumwambia neno. Alizifunga upya, yeye akishika kamba.

Mwani wenyewe mwaka ule haukusimama kukua. Bahari haina karantini. Kilichosimama ni njia ya mwani kutoka. Makontena yalikwama dunia nzima, meli zikachelewa, na mnunuzi wa kwetu akawa anakuja mara moja kwa kipindi ambacho zamani alikuja mara tatu, na bei akaiteremsha. Tofauti na chumba cha hoteli ni kwamba mwani mkavu unangoja. Chumba kisicholaliwa leo fedha yake haipatikani tena milele. Polo (gunia) la mwani uliokaushwa vizuri na kuwekwa pasipovuja linauzwa miezi mbele. Sisi tuliojaza polo chini ya vitanda tuliuza hatimaye, kwa bei mbaya, lakini tuliuza.

Karafuu ndiyo iliyoyumba kidogo kuliko zote, kwa sababu mnunuzi wake ni mmoja na yuko hapa hapa. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, vituo vyake vilinunua. Lakini nisiipambe. Mkarafuu hauzai kila mwaka kwa kiasi kile kile. Unaweza kuvumilia mwaka wa shida vizuri sana ukiwa hauna kitu mtini.

Bei anaipanga nani

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo tofauti ilipo.

Mwani tunaoulima ni wa aina mbili, spinosamu na kotoni. Ulianza kulimwa kwa biashara mwaka 1989 upande wa Paje na Jambiani, mbegu zimetoka Ufilipino, na sasa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka kwetu Pemba. Ukisagwa na kupikwa viwandani hutoa ute unaoitwa karajinani, ambao unafanya dawa ya meno isiwe maji na aiskrimu isiyeyuke upesi. Kotoni una bei zaidi, kilo yake inavuka elfu moja, lakini hauvumilii joto la maji. Unguja umekufa sehemu nyingi, Pemba bado tunaupata. Spinosamu mgumu, unaota, na bei yake kwa miaka mingi imechezea mamia ya shilingi. Wakulima wakubwa duniani wa mwani wa aina hizi ni Indonesia na Ufilipino. Wao wakivuna vizuri, bei ya Micheweni hapa Pemba inashuka, na mama wa Micheweni hajui kwa nini. Anaona tu mnunuzi kaja na bei nyingine.

Sasa piga hesabu nami. Tuseme spinosamu kilo shilingi 700, karafuu ya daraja la kwanza kilo 14,000. Unataka shilingi 140,000. Kwa karafuu ni kilo kumi kavu, yaani kiasi cha kilo thelathini mbichi za kuchuma, kuchambua makonyo, yaani vikonyo vyake, na kuanika. Kwa mwani ni kilo mia mbili kavu, na ili upate kilo moja kavu unatoa baharini kilo saba mpaka nane mbichi. Kiasi cha tani moja na nusu ya mwani wa maji, inayotoka baharini kichwani na mgongoni, kwa fedha ya karafuu zinazoenea kwenye kikapu na nusu. Nikaisoma hesabu hii kwa sauti Jumatano, na mama mmoja wa pwani akasema, «Katibu, hiyo hesabu mgongo wangu unaijua siku nyingi.»

Kwa nini karafuu ina bei ya maana? Kwa sababu kuna mtu mmoja mkubwa anayesimama kati ya mkulima na dunia, na ameamriwa kumpa mkulima sehemu kubwa. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha bei mpaka 15,000 kwa kilo ya daraja la kwanza, na sera ikawa mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Wako wanaolalamika kwamba mnunuzi mmoja si biashara, na kila msimu wako wanaojaribu kuzivusha usiku kwenda Kenya. Nawaelewa, ila nauliza: ni zao gani jingine hapa ambalo mkulima anaijua bei kabla hajapanda mtini?

Mwani hauna mtu huyo. Una wanunuzi binafsi, na wana ujanja mmoja ambao uchungu wake tumeuonja. Mnunuzi anakupa kamba bure. Anakupa na taitai. Wewe huna mtaji, unashukuru. Siku ya kuvuna kamba ni zake, kwa hiyo mwani ni wake, na bei ni yake, na mizani kaja nayo yeye. Anaubinya mwani kwenye polo, anasema haujakauka, anakata kilo mbili. Anasema una mchanga, anakata moja. Pengine ni kweli una mchanga, lakini nani apimaye?

Utalii bei yake inapangwa mbali zaidi. Mgeni amelipa kwao, kabla hajafunga begi. Sehemu inabaki kwa wakala wa huko, sehemu kwa ndege, na inayofika hotelini inanunua mvinyo wa nje na mara nyingi hata nyanya na vitunguu vya kutoka bara. Kinachomfikia Mpemba ni mshahara, bahashishi, na kama una boti basi nauli, baada ya kumkatia anayekuletea wageni. Si kidogo kwa kijana. Mdogo wangu mshahara wake na bahashishi vya mwezi mzuri vinampita mama kwa miezi mitatu ya mwani. Lakini hajawahi kukaa mezani wakati bei ya chumba inapangwa, na wala meneja wake hajakaa.

Kidogo kuhusu mgao wa dunia

Baada ya ugonjwa, wakubwa wa dunia walisema sana kwamba uchumi ujengwe upya kwa haki. Agosti 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa likagawa akiba mpya yenye thamani ya dola bilioni 650 kwa nchi zote wanachama. Afrika nzima ikapata kama bilioni 33. Marekani peke yake ikapata zaidi ya bilioni 100. Hakuna aliyeiba, mgao unafuata hisa, na mwenye hisa nyingi ni mwenye uchumi mkubwa.

Nilipolieleza hili kikundini, mtunza funguo wetu, mama ambaye skuli aliishia darasa la nne, akauliza: «Kwani wao hawana sheria ya hisa tano?» Kwetu, kama vikundi vingi vya aina hii, mtu hawezi kununua zaidi ya hisa tano kwa mkutano, hata akija na mfuko umejaa. Imewekwa hivyo ili mwenye duka asikimeze kisanduku na muuza maandazi akabaki msindikizaji. Nikamjibu hawana. Akatikisa kichwa akaendelea kuhesabu.

Fedha za Uviko, yaani za korona, zilizotufikia sisi zilikuwa za njia nyingine: mkopo wa dola milioni 567 Tanzania iliopewa na shirika hilo hilo Septemba 2021, Zanzibar ikapata kiasi cha shilingi bilioni 230. Skuli na hospitali za wilaya tumeziona kwa macho, na mikopo ya wajasiriamali isiyo na riba ipo kupitia wakala wa Serikali wa kuwawezesha wananchi. Yote mema. Ila mkopo ni mkopo, na dola za kuulipa zinatoka humu humu: kwa mgeni, kwenye karafuu, kwenye mwani.

Nani anaishika fedha

Hapa karafuu niliyoisifu inapungua uzito. Mikarafuu ni ya wenye mashamba: waliorithi, waliopewa eka tatu baada ya Mapinduzi, au waliokodi. Mche ukiupanda leo unangoja miaka mitano, sita, hata zaidi. Katika kikundi chetu wenye mikarafuu ni wanachama sita, na wanne ni wanaume. Wengine karafuu kwao ni vibarua: kuchuma kwa pishi, kuchambua usiku sebuleni watoto wakisinzia juu ya makonyo, kuanika na kukimbilia majamvi wingu likitanda. Tukizika fedha ya watu ishirini na tano kwenye kukodi mikarafuu, tunawapa kibarua watu kumi na tisa na jina la ushirika. Na kupanda mkarafuu si mchezo. Kila msimu tunazika au tunauguza mtu aliyeanguka.

Mwani ni wa wanawake, wanane katika kila kumi. Hauhitaji hati ya shamba wala baba. Baada ya wiki sita kuna kitu cha kuuza, na bamvua mbili kila mwezi, maji yanapojaa na kupwa sana, zinakupa ratiba. Nimewaona wanawake walionunua bati moja moja kwa mwani mpaka nyumba ikaezekwa, na hati ya kiwanja ina jina lao. Jambo hili kwenye hesabu ya kilo halionekani. Gharama yake haionekani pia: macho mekundu kwa mwanga wa maji, viuno, samaki taa aliyejizika mchangani akakuchoma mguu. Na maji yakizidi joto mwani unapauka na kukatika, kamba zinabaki tupu.

Utalii ni wa vijana, wa lugha, na wa walio tayari kuhama. Pemba hoteli ni za kuhesabu. Kuchagua utalii maana yake kwa wengi wetu ni kuchagua Unguja.

Sabuni

Kuna waliosema tuache kuuza mwani ghafi, tutengeneze sabuni kama akina mama wa Bweleo na Kidoti kule Unguja. Kilo moja ya mwani ikisagwa na kuingia kwenye sabuni inazaa fedha nyingi kupita kilo ile ile ikiuzwa ghafi. Hii ndiyo sehemu niliyobadilika. Nilikuwa mpenzi wa sabuni. Kisha nikajiuliza nani anainunua: kwa bei ile, mgeni. Mwaka 2020 sabuni ilikaa rafuni kama vitanda vya hoteli vilivyokaa. Sabuni ya mwani inayouzwa kwa mtalii peke yake ni utalii uliovaa kanga. Kama tutaifanya, iwe na soko la Wete na Chake kwanza, kwa bei ya mama anayeogesha mtoto, na anayetoka nje auziwe kama ziada. Kiwanda cha mwani ambacho Serikali iliamua kukijenga Chamanangwe, hapa Pemba, ni habari nyingine. Mwani ukisarifiwa huko, mnunuzi mwingine mkubwa anapatikana hapa hapa kisiwani, na hilo linaweza kubadilisha hesabu yangu yote.

Basi uchague nini

Inategemea wewe ni nani. Nisikudanganye kwamba lipo jibu moja.

Kama una mikarafuu, baki nayo, na fedha yoyote uliyonayo itie kwenye kuanika: turubai nzuri, majamvi mapya, watu wa kutosha mvua isikukute. Pengo kati ya daraja la kwanza na la chini ni fedha ya bure inayopotea uani kwako. Usiuze karafuu ikiwa mtini kwa sababu ya ada ya skuli. Aliyeinunua mtini ndiye atakayeila bei yote tuliyoisifu. Chukua mkopo wa kikundi, ulipe ada, uvune mwenyewe.

Kama wewe ni kijana na Kiingereza chako kinakwenda, nenda hotelini. Nasema kwa moyo mmoja. Lakini fedha ya hoteli isiwe na kazi ya kula tu. Irudi nyumbani kila mwezi inunue kitu kisichotegemea ndege. Na kama kikundi kinataka fedha ya utalii bila kuhama, kiiuzie hoteli vitu ambavyo mgeni asipokuja sisi wenyewe tutavila: mayai, mchicha, pilipili mboga, samaki. Boti ya kubebea wageni hailiki. Vijana walinuna nilipoisema hii, lakini mmoja kati yao sasa ana kuku mia moja na hamsini.

Na kama huna mkarafuu, huna Kiingereza, una pwani, basi mwani, tena kotoni kama maji yako yanaukubali. Ila usianze kwa kuongeza kamba. Wengi hukimbilia kamba, wanaishia kumbebea mnunuzi mzigo mkubwa zaidi kwa bei ile ile. Nunua kwanza vile vitu vinavyomfanya mnunuzi awe bwana: kamba zako mwenyewe, hata zikiwa chache, chanja za kuanikia ili asipate mchanga wa kusingizia, pahala pakavu pa kuhifadhi ili uweze kumwambia «sitauza leo», na mizani.

Jumatano ile ya pili tulipiga kura. Kumi na saba mwani, watano karafuu, watatu boti. Tukanunua kamba, mbao za chanja, tukakodi chumba kimoja cha bati kilichokuwa duka, na mizani ya kuning'iniza ya kilo mia moja. Watano wa karafuu wakapewa mkopo wa msimu kwa masharti ya kawaida ya kikundi.

Mnunuzi alikuja bamvua iliyofuata. Tulimkaribisha chai. Polo la kwanza likatundikwa kwenye mizani yake likasoma arobaini na moja. Mama mtunza funguo akaliteremsha bila maneno, akalitundika kwenye yetu pale mlangoni: arobaini na nne. Akalirudisha kwenye yake, mwenyewe, taratibu. Arobaini na moja. Mnunuzi akaitazama sindano, akautazama uzi wa mizani yake, akasema inawezekana imechoka, ya siku nyingi hii. Tukaandika arobaini na nne, na mapolo kumi na mbili yaliyobaki yakapimwa kwenye yetu.

Bei ya kilo hakuiongeza.